Basi Lililopoteza Mluzi

Basi la shule lilikuwa na mluzi wake. Kila lilipoanza kupanda barabara ya machimbo, mlio mwembamba ulitoka chini ya boneti, fiii, ukapanda pamoja na basi mpaka juu, kisha ukafifia wenyewe. Wanafunzi waliuzoea kama walivyoizoea kengele ya shule. Mlinda mlango wa timu ya wasichana, aliyeitwa Komeo kwa sababu mpira ukimfikia ndio umefungiwa hapo, aliweza kuuiga kwa mdomo vizuri mno, hata dereva akageuka kutazama kuna nini.

Msichana aliyekaa kiti cha nyuma ya dereva hakuuiga, aliusikiliza. Mama yake alikuwa fundi wa injini za dizeli, mwenye gereji ng'ambo ya barabara, mkabala na shule, na binti alikulia humo kati ya spana na matambara yenye grisi. Alijua kwamba mluzi ule ni wa turbo, feni ndogo inayosukuma hewa ndani ya injini ili ipate nguvu. Shuleni walimwita Majibu. Mwalimu hajamaliza swali, mkono wake umeshafika juu. Je, mvua itanyesha? Majibu anajua. Nani kala chaki? Majibu anajua hilo pia. Mara nyingi alipatia, na alipokosea alikuwa ameshahamia kwenye swali jingine, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka.

Dereva wa basi wanafunzi walimwita Mzee Taratibu, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa na desturi moja iliyowaudhi watoto wenye njaa. Alipofika mwisho wa safari hakuzima injini papo hapo. Aliiacha ingurume polepole huku ameweka mikono magotini, akitazama mbele kama mtu anayesubiri chai ipoe. "Turbo imetoka kukimbia," alikuwa akisema. "Mtu akitoka kukimbia humlazi chini ghafla. Mwache apumue kwanza." Watoto waliguna, yeye hakujali, na basi lilizimwa pale tu alipotaka mwenyewe.

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi ile asubuhi. Shule zilikuwa zimefunguliwa wiki hiyo hiyo, baada ya likizo ndefu ya mvua, na Jumamosi timu ya wasichana ilitakiwa kucheza fainali kwenye mji wa ng'ambo ya mlima. Shule ile haikuwahi kufika fainali ya kitu chochote, hata ya kuvuta kamba. Majibu alicheza pembeni kulia, na ndiye aliyetunza mipira na pampu yake. Ndani ya basi kulikuwa na kelele za kutosha kuamsha mtaa mzima.

Basi lilianza kupanda barabara ya machimbo. Hakukuwa na mluzi. Injini iliguna, ikakohoa, ikaguna tena, na moshi mweusi ukatanda nyuma yao. Mwendo ulipungua mpaka mwendesha baiskeli aliyebeba kreti za mayai akalipita basi, akageuka na kuwapungia mkono. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Binti fundi," Mzee Taratibu akasema bila kugeuka, "wasemaje hapo?"

Ulikuwa utani wake wa kila siku. Lakini safari hii basi zima lilinyamaza kusubiri jibu, na Majibu, masikini, hakuweza kuliona swali likipita bila kulidaka.

"Turbo imekufa," akasema.

"Una hakika?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema hapana. Nafasi ilikuwepo, tena pana kabisa. Lakini Komeo alikuwa amemkodolea macho kwa heshima, na wengine walikuwa wameinuka vitini ili wasikie vizuri. Kusema hapana mbele ya watu wote wale kulimshinda.

"Mama mwenyewe amesema," akajibu. "Alilisikia jana likipita mbele ya gereji. Akasema turbo ya basi lile imekwisha."

Mama hakusema kitu kama hicho. Jana mama alikuwa ndani ya injini ya lori mchana kutwa, hata kama ndovu angepita barabarani asingemsikia.

"Kama fundi amesema," Mzee Taratibu akajibu polepole, na hakutania tena. Walipofika mwisho wa safari aliiacha injini ipumue kuliko siku zote, na alipoizima alibaki amekaa, mkono juu ya usukani.

Jioni hiyo Majibu alipita gerejini kama kawaida. Kwenye ukuta, juu ya meza ya vyombo, mama yake alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe maneno matatu: NIMEONA. NIMEPIMA. NADHANI. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji. Fundi yeyote akitaka kusema lolote kuhusu gari la mtu, alianza na mojawapo ya maneno hayo. Ukisema "pampu imeharibika" peke yake, mama alikukatiza hapo hapo: umeona, umepima, au unadhani? Hata mteja aliyekuja na gari lake aliulizwa hivyo hivyo. Majibu aliupita ukuta ule akiwa ameinamisha macho, akajiambia kwamba kwani kuna ubaya gani, pengine turbo imekufa kweli.

Ijumaa asubuhi, kwenye mstari wa shule, mwalimu mkuu alipanda ngazi ya mbele na uso uliokunjamana.

"Nina habari mbaya," akasema. "Turbo ya basi letu imekufa. Dereva ameniambia, naye ameambiwa na fundi tunayemwamini sote. Nimeulizia turbo nyingine, haiwezi kufika kabla ya wiki ijayo. Basi lisilo na nguvu siwezi kulipandisha mlimani likiwa na watoto ndani. Leo kengele ya mwisho ikilia nitawapigia simu waandaaji wa mashindano niwaambie tunajitoa."

Mstari wa wasichana ulilegea kama kamba iliyokatwa. Komeo alifuta macho kwa glovu zake mpya, ambazo alilala nazo wiki nzima ili zizoee mikono. Na hayo hayakuwa mwisho, kwa maana Majibu alipopita karibu na dirisha la ofisi alimsikia mwalimu mkuu akisema, "Mzee wangu, nimeulizia. Wanasema turbo huuawa na madereva wanaozima injini ingali moto. Naomba funguo uziache mezani mpaka nitakapoamua la kufanya."

Funguo ziligonga meza.

Majibu alishindwa kusogea. Shule nzima ilikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakuweza kuiua turbo kwa kuzima injini haraka, na mtu huyo ndiye aliyenyang'anywa funguo. Aliijua desturi yake kuliko mtu yeyote, maana kila siku alikaa nyuma yake. Alimwomba ruhusa mwalimu wa darasa, akavuka barabara mbio, roho mkononi.

Mama alikuwa chini ya lori. Viatu vyake tu ndivyo vilivyoonekana.

"Mama."

"Mmh."

"Nimekulisha maneno."

Viatu vilitulia. Mama akajivuta nje, akakaa, akaanza kufuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Majibu alimweleza yote tangu mwendesha baiskeli wa mayai hadi funguo mezani. Mama hakumfokea, na Majibu alitamani angefokewa.

"Nilisema lini hayo?"

"Hukusema, mama."

"Na aliyenyang'anywa funguo ni yule mzee anayeiacha injini ipumue mpaka mnataka kulia kwa njaa?"

"Ndiye."

"Na hilo ulilijua."

"Nililijua."

Mama alitazama ukuta. "Haya, mwanangu, turbo imekufa?"

"Na... nadhani."

"Ahaa. Leo neno umelikumbuka." Akainuka, akaokota mfuko wa vyombo. "Tangulia mbele. Utasema wewe. Mimi nitabeba spana."

Mzee Taratibu alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia juu ya goti. Majibu alitaka kumpita aanze na mwalimu mkuu, lakini mama alikohoa nyuma yake, naye akaelewa. Akasimama mbele ya mzee.

"Mzee, mama hakusema turbo imekufa. Nilisema mimi. Sikuona, sikupima. Nilitaka tu nionekane najua. Nisamehe."

Mzee Taratibu aliinua macho. "Unajua ulichonifanyia?" akasema. "Tangu jana najiuliza. Nakumbuka siku moja baada ya nyingine, nasema, labda siku ile nilizima haraka. Labda ile nyingine. Miaka yangu yote ya udereva nimeanza kuitilia shaka kwa sababu fundi amesema. Kumbe fundi hajasema."

Machozi yalimlengalenga Majibu. Mzee hakumwambia usijali, wala hakumsukuma. Alivaa kofia yake, akawafungulia mlango wa ofisi.

Mwalimu mkuu alimsikiliza Majibu hadi mwisho, akavua miwani, akaishika mkononi. "Kwa hiyo turbo ni nzima?" akamuuliza mama.

"Sijui, mwalimu. Sijaligusa basi lako. Nipe nafasi nilitazame."

"Fundi, mimi ndiye nitakayewajibu wazazi kama basi litakwama mlimani. Kengele ya mwisho ikilia kabla sijaridhika, nitapiga simu."

"Sawa. Lakini nitahitaji dereva. Mimi ni fundi wa injini. Anayeujua mwendo wa basi hili, likiwa zima na likiwa bovu, ni yule pale mlangoni."

Mwalimu mkuu alisita, kisha akazichukua funguo mezani na kumrudishia mwenyewe mkononi.

Basi likafunguliwa boneti pale pale uwanjani. Ilikuwa saa ya mapumziko, na timu nzima ilizunguka. Mama aliwasogeza nyuma kwa mkono, akamwita Majibu mbele. "Tunaanza na kilicho rahisi. Mpira huu ndio unaopitisha hewa kwenda kwenye turbo. Nautoa. Ingiza kidole, izungushe feni, kisha uniambie. Na uanze na neno."

Majibu aliingiza kidole. Feni ikazunguka laini, bila kukwaruza. Akaishika ncha yake, akaitikisa juu na chini. Haikuchezacheza. Akamulika tochi ndani, hakuona mafuta yaliyovuja.

"Nimeona," akasema, na sauti ikapanda yenyewe. "Nimeona inazunguka, mama. Haichezi, haina mafuta. Turbo ni nzima. Haijafa."

Wasichana waliruka juu. Komeo alimkumbatia aliyekuwa karibu, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mwalimu wa hesabu.

"Subirini," mama akasema. "Turbo haijafa, lakini basi bado halina nguvu. Kuna kitu."

Walipapasa mipira ya hewa yote kutafuta ufa. Mkono wa Majibu ukafika kwenye klipu moja ya kubana mpira, iliyolegea hata mpira wake ulizunguka ukiushika. Mdomo wake ulifunguka kusema nimepata, hii ndiyo yenyewe. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alilimeza.

"Nadhani hewa inavujia hapa," akasema.

Mama alimtupia jicho la pembeni, na kwenye kona ya mdomo wake palikuwa na tabasamu dogo. "Kaza. Kisha tupime."

Mama aliurudisha mpira alioutoa, akaufungia geji, kipimo cha msukumo wa hewa, na kuipitisha dirishani mpaka mikononi mwa Majibu. Kwenye kioo cha geji alipaka tone la rangi ya kijani mahali ambapo sindano ilipaswa kufika kama turbo inafanya kazi vizuri. Mzee Taratibu akaliwasha basi, wakatoka watatu na mwalimu mkuu wakaelekea barabara ya machimbo. Klipu ilikuwa imekazwa sawasawa. Basi likaanza kupanda, likaguna, likakohoa. Sindano ilijiinua kidogo na kulala tena.

"Nimepima," Majibu akasema kwa unyonge. "Haifiki hata nusu."

"Vizuri kwamba hukusema umepata," mama akamjibu. "Sasa tunajua siyo klipu. Mzee, turudi."

Walipofika uwanjani Mzee Taratibu aliiacha injini ipumue, na hakuna aliyeguna. Hata mwalimu mkuu, ambaye alikuwa akitazama saa kila mara, alikaa akasubiri. Kisha wakalazimika kusubiri vyuma vipoe. Madarasa yalirudi ndani, yakatoka tena. Timu iliruhusiwa kubaki. Majibu alikuwa anatembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga.

"Mama, tukigusa sasa je?"

"Utabaki bila ngozi. Subiri."

Komeo akanyoosha glovu zake mpya. "Fundi, tumia hizi."

"Hizo ziache za mpira, mwanangu. Humu zitayeyuka ubaki na vidole vitupu kesho."

Wakacheka, na kucheka kulisaidia. Mwishowe mama alivaa glovu zake nene za ngozi, akawaonyesha kando ya turbo kikopo kidogo cha bati chenye fimbo nyembamba ya chuma. "Tazameni. Moshi wa injini ndio unaozungusha turbo. Lakini turbo ikizidisha hewa, injini itaumia. Kwa hiyo pembeni kuna kilango kidogo, mafundi wanakiita westigeti. Hewa ikizidi, inakisukuma kikopo hiki, fimbo inatoka, kilango kinafunguka, moshi mwingine unapita pembeni bila kuizungusha turbo. Hewa ikipungua, fimbo inarudi, kilango kinajifunga. Sasa, kama kilango hakijifungi?"

Mikono ya Majibu ilipanda yote miwili. Akaushusha mmoja. "Nadhani moshi utakuwa unapita pembeni muda wote. Turbo itakuwa nzima, lakini hakuna wa kuizungusha. Hewa itakuwa kidogo, mafuta hayataungua yote, ndiyo maana moshi ni mweusi."

"Unadhani. Utajuaje?"

Majibu alikodolea kikopo. Kilikuwa na mpira mwembamba unaoleta hewa. Kama hewa ndiyo inayokisukuma, basi hewa inaweza kutoka popote. Akaruka, akakimbilia mfuko wake ndani ya basi, akarudi na pampu ya mipira ya timu.

"Tuchomoe mpira ule, mama, tuweke huu wa pampu. Nikijaza hewa tutaona kama fimbo inatoka na kurudi."

Mama alimtazama, kisha akaitazama pampu. "Wazo zuri hilo," akasema, na Majibu akahisi masikio yanawaka kwa furaha.

Wakaunganisha. Mama alichora mstari wa chaki kwenye fimbo. Majibu alipampu taratibu, timu nzima imeinama juu ya boneti mpaka mwanga ukapungua. Mstari wa chaki haukusogea. Akaachia hewa. Haukusogea pia. Mama akachukua koleo, akaitoa pini inayoishikisha fimbo na mkono wa kilango. Pini ilipotoka tu, fimbo ilijirudisha ndani ya kikopo yenyewe, tap.

Kila mtu alirudi nyuma hatua moja. "Pampu tena," mama akasema.

Majibu akapampu, fimbo ikatoka. Akaachia, ikarudi. Kikopo kilikuwa kizima kabisa. Mama akajaribu kuusogeza mkono wa kilango kwa koleo. Haukujongea hata kidogo.

"Nimeona," Majibu akanong'ona, halafu sauti ikamtoka kamili. "Nimeona, mama. Kikopo kizima, fimbo nzima. Kilango chenyewe ndicho kimegoma. Kimekwama wazi."

"Basi lilikaa mvuani likizo nzima," Mzee Taratibu akasema, akiwa ameinama pamoja nao. "Kutu."

"Kutu na masizi," mama akaafiki. "Siku za mwanzo kilijikokota. Jana kikafunguka, kikakataa kurudi."

Alipulizia dawa ya kulegeza kutu, akagonga taratibu kwa nyundo ndogo, akavuta kwa koleo. Kilango hakikusikia. Akapulizia tena, akagonga tena. Jasho lilimtiririka. Mwalimu mkuu alikuwa ametoka ofisini, amesimama ngazini, simu mkononi. Mlinzi wa shule naye alikuwa anatembea kuelekea kwenye kengele, na Komeo akamfuata akimwomba atembee polepole kama basi la jana.

"Mpokee mama yako," Mzee Taratibu akamwambia Majibu, akampa glovu zake za kazi.

Majibu alishika koleo kwa mikono miwili. Akavuta, akasukuma, akavuta, akasukuma. Alihisi kitu kidogo sana, kama jino linaloanza kulegea. Hakusema. Akaendelea. Mkono wa kilango ukasogea upana wa ukucha, kisha kidole, kisha ukaja wote na kufunga, klak. Akaufungua, akaufunga. Klak, klak. Kengele ya mwisho ikalia wakati huo huo, na hakuna aliyeisikia vizuri kwa vigelegele.

"Mwalimu," mama akaita, akirudisha pini na mpira wa kikopo mahali pake. "Simu yako ipe pumzi kidogo. Bado hatujapima."

Wakatoka tena kwenda barabara ya machimbo, wale wale wanne. Basi likakanyaga mwanzo wa mlima. Majibu aliishika geji mpaka vidole vikamuuma. Sindano ilijinyanyua, ikasita, kisha ikapanda, na kutoka chini ya boneti ukaanza mlio mwembamba, fiii, ukapanda na barabara. Sindano ililipita tone la kijani kwa unywele mmoja, ikarudi, ikatulia juu yake.

"Hewa ilizidi kidogo, kilango kikafunguka chenyewe kuipunguza," mama akasema.

"Nimepima," Majibu akasema. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na hakuona haya.

Kutoka mle barabarani mwalimu mkuu alipiga simu kwa waandaaji, akawaambia timu inakuja. Walipofika shuleni wanafunzi walikuwa hawajaenda nyumbani, wamepanga mstari wakisubiri habari. Mwalimu mkuu alianza kupanda ngazi, akasimama, akamgeukia Majibu. "Maneno yako yalitangazwa hapa," akasema. "Yasahihishe hapa."

Majibu alijikaza kisabuni, akapanda. "Jana nilisema mama yangu amesema turbo imekufa," akaanza. "Mama hakusema. Nilitunga. Mzee Taratibu hajaharibu kitu. Kilichoharibika ni kilango kilichoshika kutu, na kimepona. Naomba radhi kwake na kwenu." Kisha mwalimu mkuu akasema kwamba na yeye anamwomba mzee radhi, kwa sababu alimhukumu bila kumuuliza, na makofi yakapigwa mpaka ndege wakaruka juu ya paa.

Jumamosi, jua likiwa limechomoza, basi lilianza kuupanda mlima mkubwa likiwa na timu nzima, walimu wawili, na mama fundi na mfuko wake wa spana kwa usalama. Wimbo uliokuwa ukiimbwa ulififia wenyewe. Kila mtu alikuwa anasikiliza.

"Binti fundi," Mzee Taratibu akasema bila kugeuka, "wasemaje hapo? Tutafika?"

Basi zima lilimgeukia. Komeo alikuwa amemkodolea macho vile vile kama Alhamisi.

"Nadhani tutafika, mzee," Majibu akasema. "Tukifika juu nitakuambia zaidi."

Mluzi ukaanza. Ulipanda nao kona baada ya kona, bila kukatika, mpaka anga likafunguka mbele yao na mji wa ng'ambo ukaonekana chini. Mzee Taratibu aliliweka basi pembeni, akaweka mikono magotini, injini ikaendelea kunguruma polepole. Watoto walikuwa na hamu ya kushuka wakautazame ule mji, lakini hakuna aliyeguna. Walikaa wakasubiri turbo ipumue.

"Nimeona, mzee," Majibu akasema kwa sauti ya chini. "Tumefika."

Mzee Taratibu akageuka safari hii, akamtazama machoni. "Sikia, binti fundi. Watu watakuamini, kwa sababu una akili na kwa sababu ya mama yako. Ukijua, sema. Ukidhani, sema unadhani, hakuna atakayekucheka. Lakini usiazime jina la mtu mwingine kutia nguvu neno usilolijua, maana neno hilo litamwangukia mtu ambaye hukumfikiria. Juzi liliniangukia mimi."

"Nimesikia, mzee."

"Haya. Sasa timu hii itashinda?"

Majibu alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama Komeo na glovu zake.

"Nadhani," akasema, na Mzee Taratibu akacheka, akanyoosha mkono, akazima injini.